Altezza ya Lundo na Volvo ya Joginder: bei ni kitu kimoja, thamani ni kingine

Mwaka 1965 mashindano ya magari ya East African Safari yalishindwa na mtumba.

Naam, mtumba. Lilikuwa Volvo PV544, gari dogo la milango miwili lenye mgongo wa mviringo kama kobe. Timu ya kiwanda cha Volvo ilikuwa imelileta kwenye Safari ya mwaka uliotangulia, likapigwa na barabara zetu, kisha likabaki huku huku Afrika Mashariki. Kwa kiwanda, kazi ya gari lile ilikuwa imekwisha. Fundi mmoja Mkenya, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akalichukua. Akalifungua, akalifunga, akaingia nalo barabarani pamoja na nduguye Jaswant. Walishinda kwa kumwacha mshindi wa pili zaidi ya saa moja na nusu. Si dakika wala sekunde, ndugu zangu. Saa!

Sasa jiulize. Mwezi mmoja kabla ya mashindano, Volvo ile ingepelekwa kwa dalali, ingetajwa shilingi ngapi? Gari limeshakimbizwa Safari nzima, lina makovu, wenye kiwanda wameliacha. Dalali yeyote mwenye akili angelitazama mara moja tu na kuanza kutaja kasoro. Lakini thamani yake ilikuwa nini? Ubingwa wa mashindano yaliyoogopwa kuliko yote duniani. Kati ya ile bei na ile thamani palikuwa na kitu kimoja tu: fundi aliyejua gari limebakiwa na nini ndani yake.

Nimekuwa nikiipiga hesabu hii kichwani tangu binamu yangu wa Lundo aniulize swali.

Kwa wasiopajua, Lundo ni pwani ya Ziwa Nyasa, kaskazini mwa Mbamba Bay, mkoani Ruvuma. Zamani tulihesabiwa wilaya ya Mbinga; tangu mwaka 2012 tuko wilaya ya Nyasa. Kwetu mali ni boti, nyavu, mashine ya boti na mihogo. Ukitaka kujua mtu ana uwezo kiasi gani unatazama usipa alioanika, huangalii anaendesha nini. Lakini mambo yanabadilika. Binamu anataka kuuza mashine ya boti na sehemu yake ya nyavu ili anunue Toyota Altezza kwa dalali wa Songea. Atabeba abiria kati ya Mbamba Bay na Mbinga, na Jumapili, nadhani, atapita mbele ya kanisa taratibu huku vioo vimeshushwa.

"Kaka, wewe uko gazetini, unajua mambo," aliniambia. "Ni siks spidi, namba D, haijachoka. Inastahili bei hiyo au napigwa?"

Swali zuri. Na sidhani kama linajibika kwa kutazama gari peke yake. Bei ya gari la kasi lililotumika, hapa kwetu, ni historia iliyojificha chini ya rangi. Tuifungue basi, kama Joginder alivyofungua Volvo.

Tuanze na mashindano yenyewe. Safari ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuna jambo moja kuhusu miaka ile ya mwanzo ambalo watu wengi hawalijui: magari hayakugawanywa katika madaraja kwa ukubwa wa injini kama ilivyo desturi ya mashindano. Yaligawanywa kwa bei yake dukani. Gari la bei ya chini lilishindana na la bei ya chini, la bei ya juu na mwenzake. Kwa maneno mengine, wale walowezi walikuwa wanauliza swali lile lile la binamu yangu: kwa bei hii, kwenye matope haya, gari gani linastahili? Jibu la mwaka 1953 liliwashangaza wengi. Aliyefanya vizuri kuliko wote alikuwa Alan Dix, ndani ya Volkswagen, kale kagari ka mgongo wa kobe kalikokuwa kakichekwa na wenye magari makubwa.

Barabara ikawa hakimu asiyehongeka. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka Nairobi, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Katika hali kama hiyo idadi ya farasi walio kwenye injini haina maana sana kama springi zimekatika Mbulu. Ndiyo maana majina yaliyong'ara hayakuwa ya magari yenye kasi kuliko yote. Yalikuwa ya magari ambayo fundi wa kawaida aliweza kuyaelewa. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikuja Tanzania, kwa Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Dar es Salaam akifanya kazi ya ufundi wa magari, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell. Gari lao lilikuwa Peugeot 404. Fundi tena! Joginder mwenyewe alikulia kwenye gereji ya baba yake na aliwahi kufanya kazi ya kuwasaidia madereva waliokwama barabarani. Watu hawa waliyajua magari kwa kupitia uvungu kabla ya kuyajua kwa kupitia usukani.

Baada ya hapo Pijo ikawa Pijo. Sina haja ya kuwaeleza. Mdogo wake 404, yaani 504, alizaliwa mwaka 1968, akashinda Safari mwaka 1975. Ufaransa waliacha kulitengeneza 504 la milango minne mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuliunganisha miaka mingi baadaye. Hapo pana somo la kwanza la thamani: gari halizeeki kwa sababu kiwanda kimechoka nalo. Linazeeka siku spea inapokosekana na fundi anayelijua anapostaafu.

Somo la pili tulilisomea hapa hapa Tanzania, na ada yake ilikuwa kubwa.

Mimi miaka ya 1970 sikuwepo, wazazi wangu ndio waliokuwepo. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, kwa hiyo ile njia ya kupata spea kutoka Nairobi ikaota majani. Vita vya Kagera vikala fedha za kigeni zilizobaki. Uingizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa Shirika la Magari la taifa, na mtu binafsi mwenye shilingi zake mfukoni hakuweza tu kwenda kununua gari jipya. Alihitaji kibali. Kulikuwa hata na kipindi ambacho kuendesha gari binafsi Jumapili mchana ilikuwa marufuku, ili kuokoa mafuta.

Katika nchi ya namna hiyo, gari lililotumika lina thamani gani? Wazee wanasimulia kwamba gari kuukuu lilikuwa linauzwa kwa bei kubwa kuliko aliyolinunulia mwenyewe miaka kadhaa nyuma. Kwa masomo ya uchumi niliyosoma chuoni hilo si ajabu. Ulichokuwa unanunua si chuma. Ulikuwa unanunua kibali ambacho tayari kilishatolewa, kimefungwa magurudumu manne. Gari halikuwa limeboreka hata kidogo. Mlango wa kuingilia magari mengine ndio ulikuwa umefungwa.

Shikilia neno hilo, mlango, kwa sababu litarudi.

Mlango ulifunguliwa kidogo mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana wamezipata wapi. Mwaka uliofuata akaja Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimbatiza Mzee Ruksa, na mlango ukaachwa wazi. Nguo za mitumba zikaingia, redio zikaingia, na hatimaye magari ya Japani.

Kwa nini Japani na si Ujerumani au Marekani? Sababu ya kwanza ni ndogo lakini nzito: Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia. Sababu ya pili ni sheria zao. Japani gari jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, pamoja na kodi na bima zinazoambatana nao, ni ghali. Zaidi ya hapo, gari la petroli lililopita miaka 13 hutozwa kodi ya ziada. Kwa hiyo Mjapani anaweza kuwa na gari linalotembea vizuri kabisa, lakini kwa hesabu za kwao limekuwa mzigo. Analiuza. Linakwenda mnadani, linapewa karatasi yenye alama za ubora, linapanda meli. Kitu ambacho kule ni mzigo, huku kinashuka bandarini kikiwa mali. Bei yake imeanza kupotoka kabla hata hatujaliona.

Ndiyo njia iliyotuletea magari ya kasi ya kizazi chetu. Kwanza Mark II, Chaser na Cresta za miaka ya 1990. Halafu ile ya mwaka 2000 tuliyoiita Grand Mark II. Halafu Altezza. Halafu Mark X iliyoanza mwaka 2004. Vijana wa Dar tulijifunza kutofautisha sauti za injini zake kama wazee wetu walivyotofautisha sauti za ngoma.

Lakini hapa ndipo wengi wanapopigwa, na ndipo ninapomwomba binamu asome taratibu. Jina la nyuma ya gari si gari.

Chukua Mark II ya mwaka 1996 hadi 2000. Yenye sifa duniani ni Tourer V, yenye injini ya 1JZ-GTE ya lita 2.5 yenye turbo, nguvu za farasi 280. (Hiyo 280 nayo ina historia yake: watengenezaji wa Japani walikubaliana wenyewe kwa wenyewe wasitangaze zaidi ya hapo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2004.) Kibati chake ndani ya boneti kinaanza na herufi JZX. Lakini nyingi zilizofika kwetu vibati vyake vinaanza na GX, maana yake injini ya lita 2 ya mitungi 6 isiyo na turbo, gari la baba wa familia mstaarabu. Bodi ni ile ile, na kwa sababu hiyo bei ya mdomoni kwa dalali nayo huwa inataka kuwa ile ile.

Altezza ndiyo usiseme. Ilitoka Oktoba 1998, ikachaguliwa gari la mwaka la Japani, na nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Ilikoma mwaka 2005. Ndani ya jina hilo moja kuna magari mawili. Kuna RS200, injini ya 3S-GE ya mitungi 4, nguvu za farasi 210 kwa gia za mkono, kibati chake SXE10. Na kuna AS200, injini ya 1G-FE ya mitungi 6, nguvu za farasi 160, kibati GXE10. Ya kwanza ndiyo iliyoipa Altezza jina. Ya pili ni ndugu mpole wa ile injini ya Mark II ya baba mstaarabu. Na zote mbili zilipatikana na gia 6 za mkono! Kwa hiyo binamu akiambiwa "siks spidi" hajaambiwa kitu. Afungue boneti, asome kibati.

Tuje kwenye "namba D". Wabongo tuna utamaduni wetu wa kupima umri wa gari kwa herufi ya kwanza ya namba ya usajili. Namba A ni la zamani, B na C zikafuata, D ni la juzijuzi, E ndilo la leo. Herufi hiyo inapandisha na kushusha bei kwa mamilioni. Lakini inapima nini? Inapima siku gari liliposajiliwa Tanzania, basi. Altezza iliyotoka kiwandani mwaka 2001, ikakaa Japani miaka 14, ikaja huku, itavaa namba D sawa na gari lililokaa kule miaka 5. Tena wakati mwingine namba ya zamani ina habari njema zaidi: gari la namba B ambalo limekaa na mwenye mali mmoja, mwenye risiti zake za gereji, unaweza kuijua historia yake yote ya huku. La namba D lenye wamiliki wanne kwenye miaka mitano, mmh... kuna kitu wanakimbizana nacho.

Na kilomita? Mita inarudishwa. Hilo kila mtu analijua, lakini bado tunaiamini mita kama tunavyoamini saa ya ukutani. Kinachodanganya kwa shida ni karatasi ya mnada wa Japani, kama ipo na inaendana na namba ya chesisi, kwa sababu iliandikwa na mtu asiye na faida ya kukuuzia. Gari lililopata ajali na kunyooshwa huandikwa R au RA. Mwulize dalali karatasi hiyo. Ukimwona anaanza kusimulia habari za rangi na rimu, umeshajibiwa.

Sasa ule mlango niliosema utarudi. Siku hizi hakuna kibali, kuna kodi, na kodi ndiyo mlango. Kila nchi ya jirani ina mlango wake. Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Altezza ya mwisho kabisa ya mwaka 2005 ilishafungiwa nje tangu 2013. Uganda mwaka 2018 walipitisha sheria ya kuzuia magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania hatukufunga. Sisi tunatoza kiingilio, ule ushuru maarufu wa uchakavu.

Fanya hesabu na mimi, kwa viwango vya miaka ya karibuni, nikiacha tozo ndogondogo. Tuseme gari la zaidi ya miaka 10, injini isiyozidi lita 2, thamani yake mpaka bandarini imekadiriwa kuwa 100. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unaifanya 125. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 juu ya hapo ni 6.25. Uchakavu wa asilimia 30 ni 37.5. Tumefika 168.75. VAT ya asilimia 18 inaongeza takriban 30. Jumla 199. Karibu nusu ya gharama ni kodi! Na ile 100 ya mwanzo si lazima iwe pesa uliyolipa wewe. TRA wana orodha yao ya thamani za magari yaliyotumika. Ukinunua kwa bei ya kutupa kule, mfumo unaweza usikubaliane na bahati yako.

Ona sasa matokeo yake kwa gari ambalo liko nchini tayari. Kila uchakavu unapopandishwa, kila dola inapopanda, Altezza iliyopaki Songea inapanda bei usiku mmoja bila kubadilishiwa hata plagi. Ni kama ile Pijo ya wakati wa vibali. Unalipia mlango.

Kuna mwingine pia anayetupandishia bei, naye hatujui wala hatumjui. Marekani sheria yao inaruhusu gari ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya soko lao kuingia kirahisi likishatimiza miaka 25. Mark II na Chaser za mwaka 1996 zilitimiza umri huo mwaka 2021, Altezza za kwanza mwaka 2023. Matajiri wapenda magari wa Texas sasa wanagombea mnadani Tourer V zile zile ambazo vijana wa Sinza walikuwa wanaziota. Safi zinakwenda kwao. Zinazobaki kwa bei ya mfuko wetu ni zile ambazo wao hawazitaki, na ukikuta inayodaiwa kuwa Tourer V halisi kwa bei ya chee hapa nyumbani, jiulize kwa nini Mmarekani ameiacha.

Basi, tumefungua gari lote. Ndani ya bei ya dalali wa Songea tumekuta sheria ya ukaguzi ya Japani, meli, orodha ya TRA, uchakavu, dola, herufi D, na sifa ya injini ambayo huenda haimo. Yote hayo ni bei. Thamani bado hatujaigusa, maana thamani inaamuliwa na mahali gari litakapoishi.

Na litaishi Lundo.

Historia ya magari ya kwetu ni fupi na haina turbo. Kwa miaka mingi aliyetaka kusafiri kutoka pwani ya Nyasa alisubiri meli, MV Songea au MV Iringa. Juu milimani, Umatengo, fedha ya kahawa ilinunua Land Rover 109, na wazee wa Mbinga mpaka leo wanazitaja kwa heshima kama mtu anavyomtaja ng'ombe aliyemsomesha. Hakuna aliyeuliza Land Rover ina kasi gani. Waliuliza kama itapanda kilima wakati wa masika, na kama fundi wa pale pale ataweza kuifunga springi. Katikati ya miaka ya 1990 chama kikuu cha ushirika cha Mbinga kilipoanguka, wakulima wengi wakiwa wanadai fedha zao, gari linaloweza kutengenezwa kwa nyundo na spana ndilo lililobaki likitembea.

Mwanzoni mwa miaka ya 2020 lami ikashuka kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, kilomita 66. Ni barabara nzuri, na ndiyo iliyomfanya binamu aote Altezza. Simlaumu. Kutoka milima inayopita mita 1,000 mpaka ziwa lililo chini ya mita 500, kona baada ya kona, hata mimi ningependa kuishuka na gia 6. Lakini atazame vitu vinne.

Kwanza, ile shuka inakula breki, na kupanda kwenda Mbinga na abiria wanne na magunia ya usipa kunakula klachi. Gari hili lilibuniwa kwa ajili ya kijana wa Kijapani na mpenzi wake, halikubuniwa kwa ajili ya magunia. Pili, kutoka Mbamba Bay kwenda Lundo lami si mwenzetu, na Altezza ni gari la chini. Sampu ikigonga jiwe, oili ikamwagika bila yeye kujua, injini imekwisha kabla hajafika nyumbani. Tatu, injini ya RS200 ilitengenezwa kwa petroli bora ya Japani na inataka mkanda wa taimingi ubadilishwe kwa wakati. Akiuziwa gari lisilojulikana mkanda wake ulibadilishwa lini, aongeze gharama ya mkanda kwenye bei siku hiyo hiyo. Nne, spea. Za Toyota za kawaida zinapatikana Songea. Za 3S-GE ya Altezza atazifuata Gerezani au Ilala, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Kila siku gari linaposubiri spea, abiria wanapanda la mwingine.

Kwa hiyo jibu langu kwake ni hili. Kwa kijana wa Dar mwenye mshahara, gereji anayoiamini na lami mpaka mlangoni, RS200 safi yenye karatasi yake inaweza kustahili kila shilingi inayotajwa. Gari lile lile, likihamia Lundo kubeba abiria, thamani yake inashuka mpaka karibu nusu, na nusu nyingine itakwenda kwenye shokapu, bushi na nauli za kufuata spea. Akitaka biashara, Toyota ya kawaida ambayo fundi wa Mbamba Bay anaijua kwa kufumba macho itamlisha. Akitaka Altezza kwa sababu anaipenda tu, nayo si dhambi, lakini ainunue kwa faida ya boti. Asiinunue kwa boti yenyewe. Mashine ya boti nayo ni injini iliyotumika, ila hiyo tunajua inachoingiza kila asubuhi.

Joginder Singh alishinda tena Safari mwaka 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer. Alifariki London mwaka 2013. Watu wanamkumbuka kwa kasi. Mimi nadhani kasi ilikuwa sehemu ndogo. Alishinda mwaka 1965 kwa sababu aliposimama mbele ya gari lililoachwa na wenyewe, hakuuliza lilikuwa nani zamani. Aliuliza limebakiwa na nini, barabara ya mbele inataka nini, na yeye mwenyewe ana uwezo gani wa kulitengeneza likiharibika porini.

Maswali matatu hayo hayapo kwenye tangazo la dalali yeyote. Jiulize kabla hujatoa hela.